Misheni ya Bagamoyo: Historia ya Parokia Iliyoanza Ndani ya Kwaresima

Mwaka 1868 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 26 Februari. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Machi, Padre Anton Horner wa Shirika la Roho Mtakatifu alivuka bahari kutoka Unguja pamoja na wenzake, akaanzisha Bagamoyo misheni ambayo Wakatoliki wa Tanzania Bara wanaiita mama yao. Vitabu vingi vinautaja mwaka, vinataja na jina la padre, kisha vinasonga mbele. Majira yenyewe hayatajwi. Hapa tumeyaweka mbele kwa makusudi, kwa kuwa Kanisa huwataka waamini wake mambo matatu katika Kwaresima: sala, kufunga na kutoa. Misheni hii ilizaliwa na hilo la tatu.

Hitaji (1860–1868)

Mapadre wa kwanza hawakuanzia Bara. Desemba 1860 Padre Armand Fava, aliyetumwa na Askofu wa kisiwa cha Réunion, alifika Unguja na mapadre wenzake na Masista Mabinti wa Maria. Wakafungua zahanati na karakana, wakaanza kuwakomboa watoto waliokuwa wakiuzwa sokoni. Mwaka 1863 kazi hiyo ikapokelewa na Shirika la Roho Mtakatifu, Padre Horner akiwa mkuu wao.

Unguja ilikuwa finyu kwa kazi ya namna ile. Watoto waliongezeka, na mtoto aliyekombolewa alihitaji zaidi ya kitanda na chakula: alihitaji mahali pa kukulia, kujifunza kazi, kulima na hatimaye kuanzisha nyumba yake. Ardhi ya kutosha ilikuwa ng'ambo. Na ng'ambo hiyo, Bagamoyo ndiko misafara ya kutoka Unyanyembe, Ujiji na Manyema ilikoishia. Wapagazi Wanyamwezi walitua pembe za ndovu pwani pale, na watu waliofungwa minyororo walipakiwa majahazini kupelekwa Unguja. Waliougua njiani hawakuwa na thamani tena kwa mfanyabiashara, na wengi waliachwa wajifie. Misheni ilikwenda mahali ambapo maumivu yalikuwa wazi kwa kila mwenye macho.

Ardhi ilipatikana kwa ridhaa ya Sultani Majid na wakubwa wa mji, ingawa Wazaramo walioihesabu kuwa yao hawakuikubali hatua hiyo mara moja, na usuluhishi ulichukua muda. Ni haki tuliseme: misheni ilipokelewa katika mji wa Kiislamu, chini ya serikali ya Kiislamu, na ikapewa mahali pa kukaa.

Fedha ilitoka wapi?

Swali hili huulizwa mara chache katika sherehe zetu, na jibu lake ni zuri kuliko tunavyodhani. Mwaka 1843 Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, alianzisha chama cha watoto Wakatoliki kwa ajili ya kuwasaidia watoto wenzao wa nchi za mbali. Sharti lake lilikuwa dogo: kila mtoto asali Salamu Maria kila siku na atoe sarafu moja ndogo kila mwezi. Sarafu hizo, pamoja na michango ya mashirika mengine ya kimisionari, ndizo zilizosaidia kuendesha kazi ya Unguja na Bagamoyo. Chama hicho ndicho Shirika la Kipapa la Utoto Mtakatifu, lilelile ambalo leo wanetu wamo katika kila parokia ya Tanzania, wakiimba mbele ya altare siku ya Epifania.

Kwa hiyo mtoto wa Bagamoyo anayepeleka shilingi yake kanisani anairudisha sadaka kwenye mkondo uliowahi kuwakomboa watoto wa mahali hapohapo. Hilo pekee lingetosha kuandikwa ukutani katika darasa la mafundisho.

Njia yenyewe ilikuwa na uchungu wake. Fedha iliyomfungua mtoto mmoja iliingia mfukoni mwa muuzaji, naye akarudi bara kutafuta mwingine. Mapadre waliendelea kulipa kwa kuwa mtoto aliyesimama mbele yao hakuweza kungoja mikataba ya wakubwa. Mkataba ulikuja tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash alipopiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini na kuyafunga masoko yao. Baada ya hapo wengi walioletwa misheni walikuwa wale waliokamatwa na meli za doria za Waingereza.

Miaka migumu (1868–1874)

Maisha ya kituo yaliendeshwa kwa kengele. Watoto walisali, walisoma, walilima, walijifunza useremala, uhunzi na ushonaji. Waliokua walifunga ndoa, wakapewa nyumba na kipande cha shamba katika kijiji cha Kikristo kilichojengwa kando ya misheni, ambacho kumbukumbu za Bagamoyo hukiita Kijiji cha Uhuru. Masista waliwalea wasichana na kuwatibu wagonjwa, na hawakuchagua dini ya mgonjwa.

Nidhamu ilikuwa kali. Watu waliokwisha kunyang'anywa kila kitu walijikuta tena wakipangiwa saa za kuamka, za kulima na za kulala. Wapo waliolalamika, wapo waliokataa kazi, wapo walioondoka kutafuta maisha mjini au bara. Historia hii ni ya hao pia. Waliobaki walibaki kwa uamuzi wao, na jumuiya ya kwanza ya Wakristo wa Bagamoyo ilijengwa juu ya uamuzi huo.

Kisha yakaja majanga. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kilipita Unguja na mwambao kikiua watu wengi. Tarehe 15 Aprili 1872, wiki mbili tu baada ya Pasaka, kimbunga kikubwa kiliipiga pwani, kikazamisha vyombo bandarini Unguja, kikang'oa mikarafuu, na Bagamoyo kikabomoa majengo mengi ya misheni. Kazi ya miaka minne ilianza upya. Kanisa la mawe ambalo mnara wake bado umesimama ni la kipindi hicho cha kujenga tena. Mwaka 1876 ilijengwa nyumba ya masista, ambayo leo ni makumbusho.

Katika kanisa lile ndimo ulimowekwa, tarehe 24 Februari 1874, mwili wa mmisionari na mpelelezi David Livingstone. Livingstone, aliyefia kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, alibebwa kwa miezi mingi na watu wake wakiongozwa na Chuma na Susi, wakiwa na Jacob Wainwright. Walikuwa wamekatiza nchi zenye vita, njaa na homa. Mwaka ule Majivu yalikuwa tarehe 18 Februari, kwa hiyo msafara uliingia Bagamoyo Kwaresima ikiwa na siku sita. Mskoti wa madhehebu ya Kiprotestanti alipokewa na mapadre Wakatoliki Wafaransa, katika mji wa Waislamu, akiwa mabegani mwa Waafrika ambao wangeweza kumzika porini na kwenda zao bila wa kuwauliza. Sifa ya safari ile ni yao. Tunapoonyeshwa mnara uitwao wa Livingstone, majina ya kutajwa kwanza ni Chuma na Susi.

Jumapili tatu za zamani

Vijana wa leo hawajui kwamba zamani Kanisa lilikuwa na maandalizi rasmi kabla ya Kwaresima yenyewe. Katika kalenda ya Kilatini iliyofuatwa Bagamoyo kama kila mahali, Jumapili tatu zilitangulia Majivu: Septuajesima, Seksajesima na Kwinkwajesima. Rangi ya zambarau ilianza hapo. Aleluya ilinyamazishwa hapo, wala haikusikika tena hadi Mkesha wa Pasaka. Mwaka wa kuanzishwa kwa misheni, Septuajesima ilikuwa tarehe 9 Februari, maana yake Padre Horner na wenzake walivuka bahari wakiwa wamekwisha kaa majuma matatu katika rangi ile.

Mageuzi ya kalenda ya mwaka 1969 yaliziondoa Jumapili hizo, na siku zile zikawa sehemu ya kipindi cha kawaida cha mwaka. Uamuzi ulikuwa na sababu zake: Kanisa lilitaka Kwaresima yenyewe ionekane wazi. Lakini kwa maoni ya mwandishi, kitu kimoja kilipotea, nacho ni wazo kwamba mtu haingii toba ghafla kama anayetumbukia kisimani. Jumuiya zetu zimelirudisha wazo hilo kwa njia zao, bila agizo la mtu, kama itakavyoonekana mbele.

Lango la bara (1877–1906)

Kutoka Bagamoyo misheni zilipanda bara. Mhonda ilifunguliwa 1877, Morogoro 1882, na mwaka 1890 Askofu Raoul de Courmont, Padre Alexandre Le Roy na wenzao walifunga safari hadi Kilimanjaro, ambako misheni ya Kilema ilianzishwa. Baadhi ya familia za Kikristo kutoka Bagamoyo ziliambatana na mapadre kwenda vituo vipya zikawa ndio kiini cha jumuiya huko. Walioletwa pwani kwa minyororo, au watoto wao, walirudi bara wakiwa wajenzi na walimu wa dini. Sehemu hii ya historia yetu ingestahili kitabu chake peke yake.

Wengine walipita tu. Juni 1878 msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, waliotumwa na mwanzilishi wao, Askofu Mkuu Lavigerie, uliondoka Bagamoyo kuelekea maziwa makuu. Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans walifika Uganda tarehe 17 Februari 1879, siku tisa kabla ya Majivu, na Wakatoliki wa Uganda wanaihesabu siku hiyo kuwa mwanzo wa Kanisa lao.

Vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, 1888 na 1889, viliipima misheni kuliko jambo jingine. Mji ulipigwa mizinga kutoka baharini. Kituo cha Wabenedikto cha Pugu kilishambuliwa Januari 1889, watawa kadhaa wakauawa. Misheni ya Bagamoyo, wakati ule ikiongozwa na Padre Étienne Baur, haikuguswa, na maelfu ya watu wa mji walikimbilia kwenye viwanja vyake, Waislamu na Wakristo, wakalala chini ya miembe na minazi. Ilinusurika kwa kuwa watu wa pwani waliijua kwa miaka ishirini: ilikuwa imewatibu wagonjwa wao.

Kazi ya maandishi nayo ilikua hapa. Padre Charles Sacleux, aliyefika pwani hii mwaka 1879, alisikiliza lahaja za Kiswahili kwa miaka karibu ishirini, akatunga kamusi ambayo toleo lake kubwa la Kiswahili na Kifaransa, lililotoka 1939, bado hufunguliwa na wataalamu wa lugha.

Uongozi

Awamu za uongozi zinaweza kuelezwa kwa ufupi. Kwanza walikuwa wakuu wa misheni: Horner, aliyeondoka akiwa mgonjwa na kufariki Ufaransa mwaka 1880, kisha Baur. Mwaka 1883 iliundwa Vikarieti ya Kitume ya Zanguebar chini ya Askofu de Courmont. Mwaka 1906 Bagamoyo ikawa Vikarieti yenyewe, na Askofu François-Xavier Vogt akawa wa kwanza kuiongoza. Katika miaka yake, kati ya 1910 na 1914, lilijengwa kanisa kubwa linalotumika hadi sasa. Wakamfuata Askofu Bartholomew Wilson na Askofu Bernard Hilhorst. Mwaka 1953 Vikarieti ilipandishwa kuwa Jimbo la Morogoro, na Bagamoyo, mji uliokuwa umekwisha kupoteza biashara yake kwa Dar es Salaam, ikabaki parokia ya kando. Hapo ndipo waliojua kupima mambo kwa ukubwa walidhani habari yake imekwisha.

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1860 | Padre Fava na masista wanafika Unguja |
| 1863 | Shirika la Roho Mtakatifu linapokea kazi |
| 1868 (Machi) | Misheni ya Bagamoyo inaanzishwa |
| 1872 | Kimbunga kinabomoa majengo |
| 1874 | Mwili wa Livingstone unapokelewa |
| 1876 | Nyumba ya masista |
| 1877 | Misheni ya Mhonda |
| 1888–1889 | Misheni inahifadhi wakimbizi wa vita |
| 1890 | Safari ya Kilimanjaro |
| 1906 | Vikarieti ya Kitume ya Bagamoyo |
| 1910–1914 | Kanisa kubwa linajengwa |
| 1953 | Jimbo la Morogoro |
| 1968 | Miaka 100 |
| 2018 | Miaka 150 ya uinjilishaji Tanzania Bara |
| 2025 (7 Machi) | Jimbo la Bagamoyo linaundwa |

Walei washika jembe (1962 hadi leo)

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulileta Misa ya Kiswahili na kumtoa mlei kwenye benchi la nyuma. Umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania (WAWATA) uliundwa mwaka 1972. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki, waliokutana chini ya shirikisho lao la AMECEA, waliamua kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziwe msingi wa maisha ya parokia. Hakuna uamuzi uliobadilisha uso wa parokia zetu kama huo. Kabla yake parokia ilikuwa kengele, padre na katekista. Baada yake ikawa nyumba kwa nyumba.

Serikali ilipotaifisha shule za mashirika ya dini mwishoni mwa miaka ya 1960, Kanisa lilipoteza madarasa ila si walimu. Miaka ya 1990 mlango wa elimu ulipofunguka tena, Bagamoyo ilipata sekondari ya wasichana ya Marian, inayojulikana nchi nzima kwa matokeo yake. Makumbusho nayo yanapokea wageni na wanafunzi, na tangu 2006 mji umo katika orodha ya awali ya UNESCO kama sehemu ya njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe.

Majuma yanayotangulia Majivu

Sasa tufike kwenye maisha yenyewe. Kama ilivyo katika parokia nyingi za nchi hii, majuma mawili au matatu kabla ya Majivu ndiyo yenye shughuli nyingi kuliko watu wanavyofikiri.

Ndoa huja kwanza. Kwa kuwa hazifungwi Kwaresima, wachumba waliochelewa hukimbizana na tarehe, matangazo ya ndoa husomwa kwa wingi, na kwaya haipumziki Jumamosi. Viongozi wa jumuiya hutumia nafasi hiyo kuwafuata wanandoa wanaoishi bila sakramenti na kuwashawishi wafunge kwa Misa ya pamoja, bila gharama za ukumbi. Watu wazima wenye watoto wakubwa hutoa nadhiri zao wakishikana mikono, na kijiji kizima hupiga vigelegele.

Kisha matawi. Waamini hurudisha kanisani matawi makavu ya Jumapili ya Matawi iliyopita, yaliyokaa mwaka mzima nyuma ya msalaba wa sebuleni. Huchomwa, majivu yake huchekechwa hadi yawe laini. Pwani hakuna uhaba wa minazi wala ukindu, lakini tawi linalotakiwa ni lilelile lililobarikiwa.

Jumuiya hupanga nyumba za Njia ya Msalaba kwa kila Ijumaa. Wakatekumeni huhojiwa kwa mara ya mwisho kabla ya kuteuliwa Jumapili ya kwanza ya Kwaresima. Wazee wasioweza kutembea huandikwa majina ili padre awapelekee kitubio nyumbani. Katekista hukumbusha sheria: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu ni siku za kufunga kwa wenye miaka 18 hadi 59, na kuacha nyama kunaanza na miaka 14. Hapa pwani makatekista wenye busara huongeza neno. Mvuvi ambaye samaki ndiyo mboga yake ya kila siku hapungukiwi na kitu akiacha nyama. Basi huulizwa anaweza kuacha nini kinachomgusa kweli: tembo la mnazi, deni la jirani asilotaka kulisamehe, ugomvi wa mpaka wa shamba.

Mwisho hupangwa majitoleo. Kila jumuiya hutaja wahitaji wake kwa majina kabla ya kuchangisha hata shilingi: mjane wa paa linalovuja, yatima wa sare ya shule, mgonjwa wa dawa za kila mwezi. Hakuna anayeuliza dini ya mhitaji, na hili halikuanza jana. Katika mpangilio huu, mtu kwanza na fedha baadaye, parokia inafanya kile ilichozaliwa ikifanya. Ikitokea siku majitoleo yakawa takwimu tu za kusomwa baada ya komunyo, tutakuwa tumeipoteza Bagamoyo hata kama majengo yote yatabaki yamesimama.

2018 na 2025

Novemba 2018 maelfu ya waamini walikusanyika Bagamoyo kufunga Yubilei ya miaka 150 ya uinjilishaji, Kardinali John Njue akiwa mjumbe maalumu wa Baba Mtakatifu. Na tarehe 7 Machi 2025, Ijumaa ya kwanza baada ya Majivu, Baba Mtakatifu Fransisko aliunda Jimbo la Bagamoyo kutoka maeneo ya Jimbo Kuu la Dar es Salaam na Jimbo la Morogoro, akamteua Mhashamu Stephano Lameck Musomba wa Shirika la Mtakatifu Augustino kuwa askofu wake wa kwanza. Siku hiyo Waislamu wa mji nao walikuwa katika mfungo wa Ramadhani, ulioanza mwanzoni mwa mwezi huohuo.

Jimbo jipya lina kazi za jimbo lolote changa: vigango vya mbali visivyo na padre wa kudumu, mafunzo ya makatekista, malezi ya vijana wanaoikimbilia Dar es Salaam, na wageni wanaohamia ukanda huu mwaka hadi mwaka. Lina pia urithi ambao majimbo mengi hayana: makaburi ya wamisionari na masista wa kwanza, kibanda cha Bikira Maria kilichojengwa makaburini mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani, na wajukuu wa watu hao ambao bado wanaishi hapa. Halmashauri za walei na shule zetu zingefanya vema kuwasikiliza wajukuu hao na kuandika wanayoyakumbuka sasa, wakati wazee wapo.